Wasomaji Wanauliza: Huduma za Programu Zilizopo Zitasomanaje?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka Arusha na Moshi, na ingawa waandishi wake wana kazi tofauti, wanazungukia jambo moja. Kila mmoja anahitaji mfumo wa kompyuta, ameambiwa kwamba sehemu kubwa ya anachokihitaji imekwisha kutengenezwa na wengine, na anataka kujua azipate wapi sehemu hizo, azichague kwa vigezo gani na aziunganishe vipi ili zifanye kazi kama mfumo mmoja. Nikisema huduma katika ukurasa huu nina maana ya programu inayoendeshwa na mtu mwingine katika seva zake, ambayo mfumo wako huiomba kazi kupitia mtandao na kupewa jibu kwa utaratibu uliokwisha kuandikwa. Utaratibu huo wa kuomba na kujibiwa ndio unaofahamika kwa kifupi kama API.

SWALI: Ndugu Mhariri, habari za kazi. Tuna kampuni ndogo ya kuongoza watalii. Mgeni akitaka safari tunapokea maombi yake kwa barua pepe, tunapiga simu kambini kuulizia nafasi, tunakata tiketi ya ndege ndogo kwenye tovuti ya shirika, kisha tunamtumia mgeni kiungo cha kulipia kwa kadi. Kijana wetu wa TEHAMA anasema hatua zote hizo zina API, na kwamba anaweza kuziunganisha ili mgeni abonyeze mara moja tu na kila kitu kikamilike. Je, inawezekana, na tujihadhari na nini?
*Meneja, Njiro, Arusha*

JIBU: Ndugu Meneja, inawezekana, na kijana wenu amesema kweli. Kampuni za malipo ya kadi, baadhi ya mashirika ya ndege na baadhi ya mifumo ya kuhifadhi nafasi za kambi na hoteli hutoa API, na kuziita kutoka kwenye programu yenu si kazi ngumu kwa mtu aliyeizoea. Muda mwingi utatumika kwenye jambo ambalo halionekani siku ya kuonyeshwa mfumo, yaani kile mfumo utakachokifanya pale huduma moja inapokubali na nyingine inapokataa.

Chukulieni kwamba mgeni aliyeko Ujerumani amebonyeza kitufe. Kadi yake imekatwa fedha, kambi ya Serengeti imethibitisha mahema mawili, kisha mfumo wa ndege unajibu kwamba ndege ya asubuhi kutoka Arusha kwenda Seronera imejaa. Fedha ziko kwa kampuni moja, mahema yameshikiliwa na nyingine, na safari haipo. Kama taarifa hizi zote zingekaa katika kanzidata moja, yaani hifadhi moja ya taarifa ya kompyuta, mngetumia muamala wa kanzidata, ambao huandika mabadiliko yote au hauandiki hata moja. Ipo pia mbinu ya kuzifunga kanzidata kadhaa pamoja kwa awamu mbili, ambapo msimamizi huziuliza zote kama ziko tayari, na zikikubali zote huziamuru zithibitishe. Lakini mbinu hiyo humtaka kila mshiriki ashikilie kilicho chake mpaka amri ije, na hakuna shirika la ndege litakalokubali kiti chake kishikiliwe na programu ya ofisi isiyo yake huku wateja wengine wakisubiri.

Njia inayowafaa ilielezwa mwaka 1987 na Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem, walipokuwa Chuo Kikuu cha Princeton, katika andiko lao kuhusu miamala mirefu waliyoiita saga. Walipendekeza kwamba kazi ndefu igawanywe katika miamala midogo, na kwamba kila muamala mdogo uandaliwe mwenzake wa kuutengua. Hatua ya tatu ikishindikana, mfumo unarudi nyuma: unatengua ya pili, kisha ya kwanza, na unaandika kila ulichofanya ili hata umeme ukikatika katikati, ukirudi uendelee pale ulipoishia. Zingatieni kwamba kutengua si kufuta. Fedha zikirudishwa kwenye kadi zinaacha alama kwenye taarifa ya benki ya mgeni, ada ya kampuni ya malipo inaweza isirudi, na kambi inaweza kuwa na tozo ya kughairi.

Kwa sababu hiyo, mpangilio wa hatua ni uamuzi wa biashara kabla haujawa wa ufundi, na ningependa ninyi wenye kampuni mkae na kijana wenu muufanye pamoja, msimwachie peke yake. Yale yanayotenguliwa bila gharama yatangulie, na yale yasiyotenguka yaje mwisho kadiri iwezekanavyo. Malipo ya kadi, kwa mfano, huweza kufanywa kwa hatua mbili: kiasi kinazuiliwa kwanza kwenye kadi bila kuchukuliwa, na kuchukuliwa kwake kunafuata baadaye. Zuieni kiasi, ombeni kambi iwashikie nafasi kwa muda, kateni tiketi ya ndege ambayo mara nyingi hairudishwi, na tiketi ikishatoka ndipo mthibitishe kambi na kuchukua fedha. Ndege ikiwa imejaa, mtaachilia nafasi ya kambi na kuondoa zuio la kadi, na hakuna senti itakayokuwa imehama.

Kati ya kukubaliwa na kukataliwa kuna hali ya tatu, nayo ndiyo inayoleta hasara kubwa: kutojibiwa. Mfumo wenu umetuma ombi la kukata tiketi, nusu dakika imepita, kimya. Huenda ombi halikufika. Huenda lilifika, tiketi ikakatwa, kisha jibu likapotea njiani. Programu iliyoandikwa kwa haraka huhesabu kimya kuwa ni kushindwa, hutuma ombi upya, na mgeni anakatiwa tiketi mbili. Kinga yake ni kwamba mfumo wenu utunge namba ya kipekee kwa kila ombi kabla halijatumwa, uihifadhi, na uitumie ileile kila ombi hilo linaporudiwa. Huduma iliyotengenezwa kwa uangalifu huitambua namba hiyo na kurudisha jibu la mwanzo badala ya kuifanya kazi mara ya pili. Kabla hamjatia saini na huduma yoyote inayogusa fedha, tafuteni kwenye maelezo yake kama inapokea namba ya namna hiyo. Isipoipokea, angalau iwe na njia ya kuulizia hali ya ombi lililotangulia. Ikikosa vyote viwili, mimi ningetafuta nyingine hata kama gharama yake ni kubwa zaidi.

Ipo pia hesabu ya upatikanaji. Huduma inayopatikana kwa asilimia 99 ya muda huonekana nzuri, na kwa mwezi wa siku 30, wenye saa 720, haipatikani kwa saa 7 hivi. Mkiunganisha tano za kiwango hicho katika mstari mmoja, ambapo zote lazima ziwe hewani ndipo mgeni ajibiwe, na ikiwa kukatika kwa moja hakutegemei kukatika kwa nyingine, upatikanaji wa mfumo wenu unashuka mpaka asilimia 95 hivi, na saa ambazo haupatikani zinafika 35 kwa mwezi. Ndiyo maana siafiki wazo la kila kitu kukamilika kwa kubonyeza mara moja. Mgeni anaposubiri mbele ya skrini, fanyeni mawili tu: pokeeni ombi lake na zuieni kiasi kwenye kadi. Mengine yaingie kwenye foleni ya mfumo, yafanyiwe kazi moja baada ya jingine, na uthibitisho umfikie kwa barua pepe. Simu ya kambini nayo ibaki mezani. Ombi likikaa kwenye foleni kupita muda mliouweka, mfumo umjulishe mtu wa ofisini apige.

Jambo moja zaidi ni saa. Mifumo ya ndege na ya kambi husoma saa 24, na mingi hutunza kumbukumbu kwa wakati wa dunia, ambao uko nyuma ya wetu kwa saa tatu. Karani wenu akijaza 3:00 akikusudia mgeni achukuliwe hotelini saa tatu asubuhi, mfumo utaelewa saa tisa usiku, na hautalalamika, kwa kuwa 3:00 ni saa halali kabisa. Makosa ya aina hii hayakamatwi na kompyuta, maana umbo la taarifa ni sahihi na maana yake ndiyo iliyopotoka. Mwaka 1999 chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipoifikia sayari ya Mars kwa sababu programu moja ilitoa namba za msukumo kwa kipimo cha pauni, na nyingine ikazisoma kana kwamba ni nyutoni, kipimo kingine cha nguvu. Fomu yenu ya ofisini itaje asubuhi, mchana, jioni au usiku kwa maneno, na programu ndiyo ibadilishe kabla ya kutuma.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Ninasoma shahada ya uzamili huku Tengeru. Katika kusoma kwangu nimekutana na maandiko yanayosema kwamba ingekuwapo rejesta ya dunia nzima ambamo programu zingetafuta huduma zenyewe, zikachagua na kuziunganisha bila mtu kuingilia. Mbona siioni rejesta hiyo? Na je, bado kuna la kutafiti hapo?
*Mwanafunzi, Tengeru, Arusha*

JIBU: Marahaba. Rejesta unayoisema ilikuwapo. Iliitwa UDDI, na ilitangazwa mwaka 2000 na kampuni za IBM, Microsoft na Ariba. Iliandamana na viwango viwili: SOAP, ulioeleza namna ujumbe unavyofungwa na kusafirishwa, na WSDL, ulioeleza huduma inapokea nini na inarudisha nini. Rejesta ya umma iliyoendeshwa na IBM, Microsoft na SAP ilifungwa Januari 2006.

Unapaswa kujiuliza kwa nini ilifungwa, kwa sababu teknolojia yake haikuwa mbovu. Kwa maoni yangu ilitegemea dhana isiyo ya kweli kuhusu namna watu wanavyofanya biashara. Meneja wa Njiro aliyetangulia hapo juu hatafuti kampuni ya malipo kwa kusoma orodha; anauliza wenzake wenye kampuni za utalii ni ipi inayorudisha fedha kwa wakati na ipi inapokea simu Jumapili, kisha anatia saini mkataba. Rejesta ilijua anwani ya huduma na umbo la ujumbe wake, lakini haikujua kama mwenye huduma anaaminika, kama maelezo bado ni ya kweli, wala nani angewajibika fedha zikipotea. Zaidi ya hapo, aliyesajili huduma hakuwa na sababu ya kurudi kurekebisha maelezo yake yalipopitwa na wakati.

Watafiti hawakukata tamaa. Novemba 2004 pendekezo la OWL-S liliwasilishwa kwa shirika la viwango vya wavuti, W3C, likilenga kueleza huduma kwa maana yake: inahitaji nini kabla, inatoa nini, na inabadilisha nini duniani ikishafanya kazi. Kwa maelezo ya namna hiyo, mbinu za kupanga hatua zinazotumika katika akili unde zingeweza kutunga mlolongo wa huduma kutoka kwenye lengo alilolitaja mtumiaji. Katika maabara ilifanya kazi. Nje ya maabara, watoa huduma hawakuona faida ya kuandika maelezo marefu kiasi hicho. Viwandani walichukua njia fupi zaidi: mtu ndiye anayeandika mlolongo, na mashine inautekeleza. Lugha ya kuandikia milolongo hiyo, WS-BPEL, toleo lake la pili lilipitishwa na shirika jingine la viwango, OASIS, mwaka 2007.

Kilichobaki leo kimegawanyika. Katika mifumo ya ndani ya taasisi moja, rejesta iko hai na inafanya kazi kila sekunde: mfumo kama Kubernetes, uliotolewa na Google mwaka 2014, huijulisha kila programu mahali ilipo nyingine, maana humo wote wana mwajiri mmoja na suala la kuaminiana limekwisha malizika. Kati ya taasisi na taasisi, watu wamebaki na maelezo ya huduma yanayosomeka na mashine, hasa kwa utaratibu wa OpenAPI, uliotokana na utaratibu wa awali ulioitwa Swagger na kukabidhiwa taasisi ya Linux Foundation mwaka 2015. Hata orodha ya huduma iliyosimamiwa na wahariri, ProgrammableWeb, iliyoanza 2005, ilifungwa 2023. Sasa wazo la programu kujitafutia huduma limerudi kwa mlango wa modeli kubwa za lugha, yaani programu za akili unde zinazosoma na kuandika lugha ya kawaida, ambazo husoma maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya binadamu na kupendekeza huduma ya kuita. Kikwazo cha kuandika maelezo marefu kimepungua kweli. Kikwazo cha nani anawajibika kipo palepale, na kimeongezeka kingine, kwamba modeli inaweza kuchagua huduma kwa kuyaelewa maelezo isivyo.

La kutafiti lipo, na liko karibu nawe. Chukua huduma zinazotumika hapa nchini, za malipo, za ujumbe mfupi, za ramani, na uzipime kutoka Arusha kwa miezi kadhaa: zinajibu kwa muda gani, hukatika saa ngapi, maelezo yake yanatofautiana wapi na yanayotendeka kweli. Huduma iliyopimwa katika mazingira mengine haijapimwa katika yako. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika chini ya dakika moja baada ya kuruka, kwa sababu programu iliyotumika vizuri katika Ariane 4 ilipokea kasi ya mlalo iliyo kubwa kuliko nafasi iliyotengewa kuihifadhi. Msimbo ulikuwa uleule, na safari ndiyo iliyobadilika. Ukipata namna ya kueleza mipaka ya namna hiyo ndani ya maelezo ya huduma, ili mashine ikatae kuziunganisha huduma mbili zisizofaana kabla hazijaleta madhara, utakuwa umefanya kazi ambayo nitafurahi kuisoma.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha msingi cha wakulima wa kahawa, na wanachama wetu ni zaidi ya mia nane. Mizani na malipo tunaandika daftarini na kidogo kwenye kompyuta. Fundi mmoja ametupa makadirio ya kutujengea mfumo mzima, ukiwamo wa kutuma ujumbe na kulipa wakulima kwa simu, na kiasi anachotaka ni kikubwa kwa chama. Mwingine anasema tukodishe huduma zilizopo. Tumsikilize yupi?
*Katibu wa AMCOS, Moshi Vijijini*

JIBU: Ndugu Katibu, msikilizeni wa pili kwa sehemu kubwa, na wa kwanza kwa sehemu ndogo iliyo muhimu kuliko zote. Hakuna sababu ya chama kujenga mfumo wa kutuma ujumbe au wa kuhamisha fedha. Kampuni zenye leseni zinafanya kazi hizo, na zinaingia gharama za kuzilinda ambazo chama hakiziwezi. Kinachopaswa kuwa cha chama, kitengenezwe kwa ajili yenu na kikae mikononi mwenu, ni daftari: nani ni mwanachama, ameleta kilo ngapi siku gani, amelipwa nini kama malipo ya awali na anadai nini baada ya mnada. Ushirika wa kahawa Kilimanjaro, ambao muungano wake wa vyama, KNCU, uliundwa mwaka 1933, umesimama au kuyumba kufuatana na wakulima wanavyoliamini daftari hilo. Huduma za nje ziliulize na kulihudumia, na zisiwe ndizo zinazolitunza.

Mwanachama atambuliwe kwa namba yake ya uanachama. Nasisitiza hili kwa sababu mafundi wengi, kwa kuwa malipo yanakwenda kwenye simu, huifanya namba ya simu kuwa ndiyo utambulisho. Namba za simu hubadilika, hupotea, na mara nyingine mzee hutumia ya mwanawe. Mkiziweka kama utambulisho, siku mwanachama atakapobadili laini atakuwa mtu mpya na kilo zake zitabaki kwa mtu asiyekuwapo. Namba hizo pia huandikwa kwa namna nyingi: wengine huanza na 0, wengine na 255, wengine huweka nafasi katikati. Daftari lenu lizitunze kwa namna moja, inayoanza na 255, na lizikatae zisizotimiza tarakimu zake.

Kwa upande wa kulipa, mnaweza kupitia benki yenu, kampuni ya simu au kampuni ya kati iliyounganishwa nazo. Hamhitaji kuungana na kila mtandao wa simu peke yake, kwa kuwa mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa Benki Kuu, TIPS, hupitisha fedha kati ya benki na mitandao. Mtoa huduma mmoja anayeutumia anaweza kuwafikia wanachama wa mitandao mbalimbali. Mwulizeni hivyo kwa maandishi, pamoja na gharama kwa kila muamala. Kabla ya kulipa, mfumo uombe jina lililosajiliwa kwenye namba na kulilinganisha na la daftarini, na majina yasipolingana malipo yasimame mpaka mtu ayaangalie. Baada ya kulipa, kila siku fanyeni usuluhishi: mlichoamuru kilipwe, kile ambacho huduma inasema imelipa, na salio la akaunti. Vitu hivyo vitatu vikitofautiana hata kwa shilingi elfu moja, sababu itafutwe siku hiyohiyo. Ushauri niliompa Meneja wa Njiro kuhusu namba ya kipekee kwa kila ombi unawahusu na ninyi neno kwa neno, maana mkulima aliyelipwa mara mbili ni vigumu kumwomba arudishe.

Kuhusu ujumbe, jueni kwamba watoa huduma huweka kikomo cha maombi kwa sekunde au kwa dakika. Mkiwatumia wanachama wote kwa wakati mmoja, baadhi ya maombi yatarudi na jibu lenye namba 429, linalosema mmeomba mengi mno. Ni kama zamu za maji ya mfereji huko kwenu: anayefungua nje ya zamu yake hapati maji mengi zaidi, anafungiwa. Mfumo utume kwa mafungu, na ukipata 429 usubiri kabla ya kurudia, huku kila kusubiri kukiwa kurefu kuliko kulikotangulia.

Sasa nije kwenye mkataba na fundi, sehemu ambayo vyama vingi huipitia haraka. Akaunti za huduma zote zifunguliwe kwa jina la chama, kwa barua pepe ya chama na kwa funguo za siri zinazotunzwa na viongozi wasiopungua wawili. Fundi akizifungua kwa jina lake, siku akihama Moshi mtakuwa mmemkabidhi mfumo wa malipo ya wakulima bila kukusudia. Mwambieni pia kwamba kati ya daftari na kila huduma kuwe na sehemu moja ya programu inayojua namna ya kuzungumza na huduma hiyo, na kwamba pasiwe na mahali pengine panapoijua. Watoa huduma hubadilisha masharti wanapotaka: Twitter, kwa mfano, iliondoa mwaka 2023 matumizi ya bure ya API ambayo programu nyingi zilikuwa zimejengwa juu yake. Yakiwakuta ninyi, mtabadilisha sehemu hiyo moja na daftari halitaguswa. Mkataba utaje msimbo ni mali ya nani, nani atarekebisha huduma ikibadilisha toleo, na kwamba taarifa zote zinaweza kutolewa wakati wowote kwenye faili la kawaida linalofunguka kwenye kompyuta yoyote. Mwisho, msianze msimu wenyewe kwa mfumo mpya peke yake. Anzeni na kituo kimoja cha kupokelea kahawa, daftari la karatasi likiendelea sambamba, mpaka hesabu za pande zote mbili zifanane.

SWALI: Mhariri, zahanati yetu inataka kuwakumbusha wagonjwa siku zao za kurudi kwa ujumbe wa simu, kupitia huduma ya kampuni iliyo nje ya nchi. Kiufundi tumeshafanya majaribio na inakubali. Je, kuna tatizo?
*Muuguzi Mfawidhi, Moshi Mjini*

JIBU: Dada yangu, kiufundi hakuna, ila kisheria mna kazi ya kufanya kabla ya kuanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wasajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na ina masharti juu ya kuzisafirisha nje ya nchi. Wasilianeni na Tume kwanza, na mlinganishe gharama na watoa huduma ya ujumbe walio hapa nchini, kwa kuwa kazi hii wanaifanya.

Huduma yoyote mtakayoichagua, ipeni kidogo iwezekanavyo: namba ya simu na maandishi ya ujumbe, basi. Jina la ugonjwa, la dawa au la kliniki maalumu lisitajwe, kwa sababu simu nyingi hushikwa na zaidi ya mtu mmoja nyumbani, na kwa sababu kila mlichokituma kinabaki kwenye kumbukumbu za kampuni hiyo kwa muda ambao si ninyi mnaouamua. Inatosha kuandika kwamba mhusika anakumbushwa kufika zahanati siku fulani, saa tatu asubuhi. Huduma itawarudishia namba ya kila ujumbe na taarifa kama umefika; orodha inayounganisha namba hizo na majalada ya wagonjwa ibaki kwenye kompyuta ya zahanati, na ifunguliwe tu na wale ambao kazi yao inawahitaji kuiona.